Kigari cha Msufi

Mwaka wa themanini na tisa, Kanze, msichana wa shule kijijini Mjambere, alichonga kigari cha mbio kwa mti wa msufi, maana hakuna mti mwepesi kuushinda. Kilikuwa kirefu kama mkono, chembamba mbele, magurudumu ya vifuniko vya chupa za dawa. Nyuma alitoboa tundu la kutia kikopo cha gesi, kidogo kama kidole gumba. Kikopo kikitobolewa kwa msumari, gesi hufyatuka, na kigari hukimbia kwenye uzi ulionyooshwa ukumbini.

Shule nyingi zingeshindana. Mshindi mmoja tu angesomeshwa ufundi Changamwe bila kulipa. Kanze akikosa, Ngowa, baba yake mdogo, alikuwa keshamtafutia kazi ya nyumbani Likoni.

"Hicho kijigari kitakufikisha wapi?" Ngowa alimcheka.

"Popote, baba mdogo. Hakibebi wenye maneno mengi."

Hawe Jumwa, bibi aliyemlea, alicheka hata tumbaku ikamtoka kinywani.

Kila jioni Kanze alikipeleka kwa sonara kukipima kwenye mizani ya dhahabu, kisha akarudi kukipiga msasa. "Uzito ndio adui, hawe." Hawe aliitikia tu. Yeye shule aliishia darasa la pili.

Siku ya mashindano Kanze alitangulia kusaidia kufunga uzi, akamwachia hawe kigari akilete saa nane. Hawe akakishika. Mti ulikuwa mkavu, na karibu na tundu aliona kama ufa. Nyumbani mwake mwiko mpya hautiwi chunguni kabla ya kupakwa mafuta ya nazi na kuanikwa, usije ukapasuka. Basi akakipaka. Msufi ukanywa kama mtu aliyeshinda na kiu. Akapaka tena, na tena. Akakianika juani, kikang'aa. Akakifunga kwa kitambaa, akavaa leso yake ya sikukuu, akaenda.

Ukumbini Kanze alikifungua, harufu ya nazi ikampanda puani. Mwalimu wake, Mbwana, akakiweka kwenye mizani.

"Kimekuwa kizito, Kanze! Umekifanyani?"

Kanze akamtazama hawe, amekaa benchi la mbele, anatabasamu.

"Labda unyevu, mwalimu."

Zamu yake ikafika. Msumari ukagonga, kigari kikatoka kivivu. Kabla ya nusu ya njia gundi iliyolowa mafuta ikaachia, chuma cha magurudumu ya mbele kikachomoka, na pua ikaburuzika sakafuni. Watoto wakacheka. Hawe alikuja kuokota gurudumu lililoviringika hadi miguuni pake. Vidole vikateleza kwa mafuta. Hapo akaelewa.

Wakashika njia ya kurudi. Karibu na nyumba hawe akaanza, "Mjukuu wangu, ni mimi—"

"Najua, hawe. Nilinusa."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Ningemwambia, kingeunganika?"

Jumatatu Ngowa alikuja alfajiri kumpeleka Kanze Likoni, akasimama mlangoni, hata kuketi hakuketi. Kanze alikuwa na mfuko mmoja. Mtoto wa nyumba ile haondoki bila kupakwa mafuta ya nazi kichwani. Alipiga magoti mbele ya hawe, akainamisha kichwa, akangoja.

Hawe alishika chupa. Akaiweka chini.

"Nipake, hawe," Kanze akasema. "Watu wananingoja."

Akampaka. Mafuta yakatiririka mpaka shingoni, mengi mno, wala Kanze hakuyafuta.