Mstari wa Kodi

Kwa miaka tisa Mama Pindo aliujua mshahara wake kwa moyo: laki tatu na elfu arobaini, baada ya makato. Hata hivyo kila mwezi alimpa shoga yake wa cherehani ya jirani, Bi Tepu, karatasi ya mshahara amsomee, maana macho yalikuwa yamemtupa mkono. Katika karakana ile ya mashuka ya hospitali, fundi asiyeona tundu la sindano hana kazi. Tena msimamizi alishatangaza kuwa mwisho wa mwezi kila fundi atatunga uzi mbele yake. Miwani ilikuwapo dukani kwa elfu hamsini, na Mama Pindo hakuwa na fedha hizo.

"Ni ileile," alisema Bi Tepu, karatasi kaishika kwa madaha ya karani. "Laki tatu na arobaini. Hawa hawaongezi, usijisumbue kuota."

Lakini dirishani benki akapewa laki tatu na sitini na tano.

Mwingine angezikunja akaenda zake. Mama Pindo alikumbuka mwaka ule ofisi ilipolipa mara mbili kwa makosa, kisha ikakata miezi mitatu mfululizo, watu wakaazimana hata chumvi. Akazitia zile elfu ishirini na tano kwenye bahasha, akaenda moja kwa moja kwa mhasibu.

"Mwanangu, mmenizidishia. Chukueni chenu mapema."

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Chukua."

Mhasibu akacheka, akaweka rula chini ya mstari mmoja wa karatasi yake. "Mshahara wako ni uleule. Kilichopungua ni kodi. Sheria imebadilika: sehemu ya mshahara isiyotozwa kodi imeongezwa. Nilikuwa nakukata elfu arobaini kabla hujaziona, sasa nakata kumi na tano."

"Nani kaniombea?"

"Hakuna. Huko bungeni hata jina lako hawalijui. Wamebadili tarakimu moja kwenye sheria, nami nikaibadili kwenye kompyuta. Ikawafikia wote wenye mshahara kama wako."

"Na wakiibadili tena mwakani?"

"Nitakata watakavyoandika."

Mama Pindo akaketi bila kukaribishwa. Alijua mkataji akisogeza chaki upana wa kidole, mashuka mia yanatoka mapana zaidi. Lakini chaki hii! Imesogezwa na watu asiowajua, katika ukumbi asioujua, na yeye yumo kwenye kitambaa. Akaogopa na kufurahi kwa pamoja.

Alikuwa ngazini ndipo jambo lilipomjia. Akaenda mpaka kwenye cherehani ya Bi Tepu.

"Wewe! Karatasi inasema laki tatu na sitini na tano. Mbona ulinisomea arobaini?"

Bi Tepu akatazama huku na huku. "Nilikusomea unayoijua," akanong'ona. "Mimi mwenyewe sioni tangu mwaka jana. Ungejua, ungemwomba mwingine, na siri ingenitoka."

Mama Pindo alitaka kugomba, kicheko kikamtangulia. Vipofu wawili, mmoja karani wa mwenziwe!

"Na benki hukuona ziada?"

"Niliiona. Nikadhani wamekosea, nikaufyata." Bi Tepu akachomoa noti kifuani, bado zimekunjwa.

"Si kosa, shoga. Ni sheria. Na wewe umo."

Akaziweka zake juu ya zile. Elfu hamsini kamili.

Siku ya mtihani, msimamizi alianza na Bi Tepu. Akiwa amevaa miwani yao mpya, alitunga uzi mara ya kwanza. Msimamizi akainama kuandika kwenye daftari lake, na chini ya meza miwani ikahama mkono hadi mkono.

Mama Pindo akaivaa. Tundu la sindano likamtokea wazi, kubwa kama mlango, baada ya miaka miwili. Akawafikiria wale watu wa ukumbini, ambao hawatajua kamwe. Machozi yakamlenga, akayarudisha, maana angeshindwa kuona tena.

"Haya, mama," alisema msimamizi.

Uzi ukapita.