Mikono Kwenye Lango

Tulikuwa tumeshaondoka mtaa wa La Rochelle, kwenye jiji la migodi ya dhahabu kule kusini, jeneza la Théodore likiwa kwenye trela nyuma, pale Cédric, mdogo wa marehemu, aliposimamisha gari mtaa wa jirani, Jeppestown, achukue magodoro na vyombo vya kupeleka kwao Likasi, kaskazini ng'ambo ya mipaka mitatu. Mimi walinichukua kwa sababu nazijua njia za mipakani. Nyuma alikaa mjane, Denise, bintiye Héritière amelala mapajani. Wazee wa ukoo walishaamua kwa simu: matanga yakiisha, Denise atarithiwa na Cédric. Hakuna aliyemuuliza.

"Mzee Salum," akasema Denise, "ongea kitu. Huu ukimya unaniua."

Basi nikamweleza ya Rajasthan, kule India, nilikochanganya chokaa tukikarabati ngome ya Warajput, wafalme wapiganaji wa zamani. Watawala wake waliishiwa nguvu, popo wakarithi vyumba, mpaka wajukuu wakaamua kuifanya hoteli. Iko juu ya mwamba. Njia ya kupandia inakata kona ghafla kabla ya kila lango, tembo wa adui asipate mbio za kuvunja mlango, na milango yenyewe imepigwa miiba ya chuma. Ukishapita ni kasri: ua ndani ya ua, chumba cha vioo, na upande wa wanawake madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama kimia. Mke wa mfalme aliiona barabara; barabara haikumwona. Kuta tulizipaka chokaa laini, tukazisugua kwa jiwe zikiwa bado mbichi mpaka zikang'aa kama sahani.

"Ila penye lango," nikaendelea, "msimamizi alitukataza kugusa. Pale kuna alama za mikono, nyekundu. Mfalme akifa, mjane alitoka, akagandamiza kiganja ukutani, kisha akaenda kuchomwa pamoja na maiti. Ndiyo ilikuwa heshima. Mkono mmoja ni mdogo, kama wa huyu mtoto."

Denise akautazama mkono wa Héritière. "Na wake zao walipokufa, wafalme waliacha mikono yao?"

"Sikuona hata mmoja."

Cédric akarudi na mizigo. "Mama Héritière, sogea kidogo, hii sufuria ikae miguuni."

Denise hakusogea. Alishuka, akaenda kwenye trela, akaweka paji la uso juu ya jeneza, akasema na mumewe kwa sauti ya chini. Kisha akamwamsha mtoto, akamshusha garini.

Akamgeukia Cédric: "Mpeleke yaya wako, kaka yako, akazikwe. Mimi nabaki."

"Eish! Unabaki na nani? Utakula lami?"

"Nitasuka nywele."

"Na mama nitamwambia nini?"

"Mwambie nilimpenda mwanawe. Wewe sikupendi, na wewe hunipendi."

Cédric akaenda nyuma ya gari. Mwenyewe akamshushia Denise begi lake.

Théodore alizikwa Likasi, mvua ikinyesha. Mama yake hakumpigia Denise simu tena. Cédric alioa mwalimu, wana mapacha. Denise anasuka nywele mtaa wa Turffontein, jiji lile lile. Kina mama kadhaa wa kanisani walihama benchi lake, wawili wamerudi. Héritière anasoma, Kiswahili anakisikia, anajibu kwa Kizulu. Mimi niko Ndola kwa sasa.