Benchi la Alto

Ardith Naramore alikuwa akilipwa kunyamazisha vyumba, na kazi hiyo aliijua kuliko watu wengi wa Atlanta. Mwenye mgahawa akiona wateja wanapigiana kelele mezani, alimwita yeye. Hospitali ikitaka wagonjwa wasisikie vitanda vikisukumwa koridoni, ilimwita yeye. Alikuja na kifaa chake cha kupimia, akapasua puto moja katikati ya chumba, akahesabu mwangwi umechukua muda gani kufa, kisha akasema pazia liwe hapa na vibao laini viwe pale. Baada ya wiki mbili watu walizungumza kwa sauti ya chini na wakasikizana. Alisifiwa sana, na sifa zile alizistahili.

Chumba cha kwanza kabisa alichokinyamazisha kilikuwa kanisa la kwao, Pine Fork, kaskazini mwa Alabama. Hicho ndicho alichotamani kukifufua.

Zamani kanisa lile lilikuwa sanduku tupu: sakafu ya mbao, kuta za mbao, dari ya mbao, mabenchi yasiyo na mito. Mara moja kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Julai, mabenchi yaligeuzwa yakatazamana pande nne, na alto, waimbaji wa sauti ya chini ya wanawake, wakawa uso kwa uso na tenor, wa sauti ya juu ya wanaume. Hapakuwa na kinanda, wala hapakuwa na wasikilizaji. Aliyekuja alikuja kuimba. Kiongozi alisimama katikati ya mraba, akapandisha na kushusha mkono, na watu wakaimba kwanza majina ya noti, fa, sol, la, mi, ndipo wakayarudia kwa maneno. Waliimba kwa nguvu zote za vifua vyao tangu asubuhi hadi alasiri, wakipumzika kula tu. Hoyt, baba yake Ardith, alikaa benchi la mbele la tenor. Velda, mama yake, alikaa benchi la mbele la alto. Walitazamana hivyo miaka arobaini na mitatu. Ardith alipokuwa mdogo alilala chini ya benchi la mama, mgongo sakafuni, na sauti ya Velda ikapita kwenye mbao ikamwingia mbavuni.

Kisha Ardith akasoma. Alipotoka chuoni, wazee wa kanisa walimwomba awasaidie: kina mama walilalamika kwamba mahubiri hawayasikii, neno moja linapanda juu ya lingine. Ardith alipasua puto lake, akapiga hesabu, akaandika kurasa kumi na nne. Zulia kutoka ukuta hadi ukuta, mito kwenye mabenchi, vibao laini darini. Hesabu zilikuwa sahihi kabisa. Kosa ni kwamba alikipima chumba kwa ajili ya mtu mmoja anayesema, akasahau watu mia wanaoimba. Na huyo alikuwa mtoto wa mraba, aliyelala chini ya benchi! Elimu nayo ina upofu wake.

Hakuna aliyemkosoa. Mtoto wao aliyesoma amewatengenezea kanisa, nani angefungua mdomo? Walinunua zulia la kijani, wakampigia makofi, wakapika kuku. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nyimbo zilianza kudhoofika mwaka uleule. Mwimbaji alitoa sauti, zulia likaimeza. Hakumsikia jirani, akajiona anaimba peke yake, akaona haya, akapunguza. Waliotoka mbali wakatafuta makanisa mengine yenye sakafu tupu. Ardith hakujua lolote, kwa kuwa kila Julai alikuwa na kazi. Kwenye simu Velda alimwambia tu kwamba siku hizi anaimba kwa sauti ndogo, koo limezeeka.

Alikuja kujua baada ya miaka ishirini na miwili, Oktoba, siku ya kumzika Velda. Watu ishirini hivi walizunguka jeneza wakaimba, na sauti ikaanguka miguuni mwao. Ardith aliingoja irudi kutoka ukutani. Haikurudi. Hakuhitaji kifaa chochote. Alielewa palepale, akalia mpaka wakamshika mabega, na watu wakadhani analia kwa ajili ya mama tu.

Baada ya mazishi Hoyt, aliyeisimamia siku ya nyimbo, alitangaza kwamba Julai ijayo ingekuwa ya mwisho. Alikuwa na miaka themanini na minne, na masikio yake yalikuwa yamekwisha. Vifaa vya kusikilizia vilifanya nyimbo zilie kama bati linaloburutwa, kwa hiyo alivivua akiimba, na juu ya zulia hakupata hata mtetemo wa kushika. Walipombembeleza aendelee, aliwauliza ataimba akimtazama nani.

Tangu siku hiyo Ardith alitaka kitu kimoja. Mama asingerudi, hilo alilijua. Lakini chumba kile kingeweza kurudi, na baba yake akae ndani yake siku moja kabla hakijafungiwa nyimbo. Alitaka pia kuisikia sauti ya Velda mle ndani, na kwa hilo hapakuwa na fundi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, na shauku hiyo ilimwamsha kila alfajiri.

Mwezi wa sita alichukua likizo, akaenda kuomba ruhusa kwenye kikao cha kanisa. Mchungaji, kijana mpole aitwaye Lamar Tidwell, alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga.

"Dada Ardith," alisema, "hao kina mama waliolalamika wakati ule bado wapo, na wamezeeka zaidi. Mimi nikisimama pale nihubiri, nani atanisikia?"

Ardith alikuwa amejiandaa. Alisema atatundika pazia zito ukuta mzima wa nyuma, la kuvutwa kwa reli: Jumapili za mahubiri litandazwe, siku ya nyimbo likusanywe pembeni. Angeyaongoza mahubiri kwa kitambaa na nyimbo kwa mbao. Wakapiga kura. Hoyt hakuwa amesikia swali, kwa hiyo dada yake Orpha aliuinua mkono wake pamoja na wa kwake. Tisa walikubali, sita wakakataa.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Zulia lilikuwa limegandishwa kwa gundi ya mtu asiyetarajia kubadili mawazo, na walilichana vipande vipande, wakakwangua sakafu wakipiga magoti. Hoyt alikaa kwenye benchi na koleo, aking'oa pini kutoka kwenye vibao vya dari, kimoja baada ya kingine. Siku ya nane, nusu ya sakafu ikiwa wazi, alivua viatu na soksi akakanyaga mbao. Ardith alikuwa upande wa pili akivuta benchi. Hoyt aliinua kichwa.

"Rudia," alisema.

Akalivuta tena. Hoyt alifumba macho na kutikisa kichwa kukubali, na Ardith akalivuta benchi lile huku na huko, kwenda na kurudi, mpaka mgongo ukamuuma.

Kazi ilipokwisha alipasua puto. Miaka ishirini na miwili nyuma mwangwi ulidumu sekunde moja na robo. Zulia liliukata hadi nusu sekunde. Sasa kifaa kilisoma sekunde moja na robo. Alikaa sakafuni akazitazama namba zile muda mrefu. Alidhani angefurahi zaidi.

Jumapili ya pili ya Julai walikuja watu zaidi ya sitini. Habari za sakafu zilikuwa zimefika mpaka Georgia na Tennessee. Wimbo wa kwanza ulipoanza, fa na sol na la vilipanda vikagonga dari vikarudi, na wazee kadhaa waliacha kuimba kwa mshtuko kabla hawajadaka tena. Hoyt alikuwa peku kwenye benchi la mbele la tenor, machozi yanamtiririka, mdomo wazi, anaimba. Mbele yake, upande wa alto, walikuwepo wanawake wawili tu kutoka Georgia.

Ardith hakukaa popote. Alizunguka kando ya kuta na kifaa chake, akipima pembe, akiandika. Orpha alimwita kwa kidole kutoka benchi la sauti nyembamba, akamuuliza kama anaimba au anatafuta mwizi. Ardith akasema kidogo tu, anamalizia. Akasogea pembe nyingine.

Kabla ya chakula yalisomwa majina ya waliokufa tangu Julai iliyopita, na la Velda Naramore lilikuwa la sita. Ardith aliliandika pembeni ya namba zake, bila kujua kwa nini. Kisha wakatoka kwenye meza ndefu za nje, kwenye kuku wa kukaanga, maharagwe ya siagi, mkate wa mahindi na chai baridi yenye sukari ya kuua mtu. Wale alto wawili walifunga sahani zao wakaaga, kwa kuwa njia yao ilikuwa ndefu.

Ardith alikaa kando ya Orpha, akaisukuma sahani yake mbali.

"Shangazi, mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini?"

"Kwamba nimeua nyimbo. Mama ameimba miaka ishirini na miwili ndani ya godoro, na mimi ndiye niliyelitandika. Mngesema neno moja tu, ningekuja na koleo siku hiyohiyo."

Orpha aliweka uma chini.

"Tulitaka kuling'oa zulia lile," alisema. "Si mara moja, mara tatu. Tumekaa kikao, tumepiga kura. Mara zote tatu mama yako alisimama akakataa."

"Mama?"

"Mama yako. Mara ya mwisho tulikuwa saba kwa saba, ikabaki yeye. Nikamwambia, Velda wee, hilo zulia linakunyonga mwenyewe, hatukusikii hata sisi tulio karibu. Unajua alinijibu nini? Akasema, 'Mtoto wangu ndiye aliyekitengeneza chumba hiki, na hakuna atakayekivunja nikiwa hai.' Akainua mkono, akatushinda. Na akatuapisha tusikwambie."

Ardith aligeuka akalitazama kanisa.

"Nilimkasirikia miaka," Orpha aliendelea. "Mtu anapenda kuimba kuliko kula, halafu anachagua zulia! Sasa we kula. Ukizimia hapa hatuna wa kukubeba."

Uchungu ulimshika Ardith mahali ambapo hatia haikuwahi kufika. Hatia alikuwa ameizoea. Alikuwa ameipangia kazi ya siku kumi na moja, na kazi imekwisha. Lakini kupendwa kiasi kile, bila kujua, na mtu ambaye huwezi tena kumpigia simu, utakupangia kazi gani? Alimhitaji mama yake kama mtoto aliyeamka nyumba ikiwa tupu.

Walirudi ndani. Zamu ya kwanza baada ya chakula ilikuwa ya Hoyt na Velda kuongoza, mwaka hadi mwaka, na karani mwenye orodha ya viongozi aliita jina la Hoyt peke yake. Mzee alitembea peku mpaka katikati ya mraba, akageuka akatazama upande wa alto. Mabenchi yalikuwa matupu. Alitaja ukurasa, lakini hakuinua mkono. Alisimama tu.

Ardith alikuwa ukutani, kifaa mkononi. Alikiweka dirishani. Alipita kati ya besi na tenor, akakata mraba, jambo ambalo katika watu wale halifanywi mtu akiwa anaongoza, akaenda kukaa benchi la mbele la alto. Mtu akampitishia kitabu. Hoyt alimtazama, naye akamtazama. Hakuwahi kuuona uso wa baba yake kutoka mahali pale.

Mwenye kutoa sauti ya mwanzo akaitoa, mkono wa Hoyt ukashuka, na wakaimba noti. Ardith alizikumbuka. Fa na la zilimtoka zikiwa na kutu, lakini zilimtoka. Yakaja maneno. Kwenye mstari wa kwanza akafunika uso kwa kitabu, na alto ikakatika.

Juu ya zulia asingejua mtu. Kwenye mbao kila mmoja alilisikia pengo, limekaa katikati ya sauti nyingine, na Hoyt, ambaye hakusikia karibu chochote, aliona bega la binti yake likitikisika, akasimamisha mkono. Watu sitini wakanyamaza.

"Tunaanza upya," alisema kwa sauti kubwa ya viziwi. "Alto hajawa tayari."

Wakaanza upya. Noti zikapita, maneno yakaja, na alto ikakatika palepale. Hoyt akasimamisha mkono mara ya pili.

"Baba, siwezi," Ardith alisema. "Mimi si Mama."

Hoyt alitega sikio, akamtazama Orpha, na Orpha akamrudishia maneno yale kwa kelele.

"Najua si Mama," alisema Hoyt. "Nimemzika mwenyewe. Imba ya kwako."

Akainua mkono mara ya tatu. Ardith aliweka kitabu magotini, akaimba. Sauti ilikuwa nene, ya kukwaruza, haikufanana na ya Velda hata kidogo, na ukuta wa mbele ulimrudishia vilevile ilivyo, bila kuipamba. Ilimuuma kuisikia. Hoyt alikanyaga sakafu kwa mguu wake mtupu, akahesabu, akamwonyesha ubeti wa pili, na Ardith akaingia naye.