Likizo ya Kupima Mvua

Watu wakiniuliza kwa nini mwalimu mzima kama mimi huacha chai yake ipoe akasimame mlangoni mvua ikianza, huwaambia napenda hewa. Uongo mtupu. Nilipokuwa na miaka kumi na minane nilikuwa karani wa mvua kwa miezi miwili, na mpaka leo ikigonga bati nahisi naitwa kazini.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita. Nilikuwa nasomea ualimu kwenye shule ya wasichana ya misheni. Siku moja likabandikwa tangazo: ofisi ya kilimo Lushoto inataka wanafunzi wanne wa kujifunza kazi wakati wa likizo ya kipupwe, Julai na Agosti. Mwombaji aandike barua kwa mkono wake mwenyewe. Chini kabisa walisema kwamba atakayerudisha daftari safi kuliko wenzake atapelekwa Nairobi kusomea hali ya hewa.

Sikujua kama mawingu yanasomewa. Nimekulia milimani juu ya Mlola, mahali ambapo ukungu unaingia ndani bila hodi na kukaa nanyi mpaka chakula cha mchana, na tangu utotoni nilikuwa nikijiuliza unatoka wapi na ukiondoka unakwenda kwa nani. Kumbe kulikuwa na watu wanaojua. Niliitaka Nairobi mpaka nikajionea haya. Barua niliiandika mara sita, na mwisho nikatia sahihi J. Kornelio, jina la baba yangu. Kwamba ile J ni Jenoveva hawakuniuliza, nami sikuwaambia.

Lushoto nilipokewa na karani, Bwana Sefania, Mshambaa mwenzetu mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Nilimpa shikamoo. Akaitikia, akatazama barua, akanitazama mimi, halafu akatazama nyuma yangu kama anayemsubiri huyo Kornelio aingie.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Tumetayarisha vitanda vinne, vyote vya wavulana."

"Basi kimoja kitapumzika," nikasema. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, haujawahi kunisubiri.

Akacheka kwa pua. Kwa kuwa hakukuwa na pa kunilaza, akaamua nikapime mvua nyumbani kwetu, maana upande ule hawakuwa na mpimaji. Akanifundisha asubuhi moja tu. Kuna kopo la shaba lenye faneli juu na chupa ndani. Unalipanda mahali pa wazi, na kila siku saa tatu asubuhi unamimina maji ya chupa kwenye gilasi yenye mistari, unasoma pointi, yaani sehemu za mia za inchi, unaandika. Isiponyesha unaandika sifuri. Hukwarui, hufuti, hudondoshi wino.

"Daftari likichafuka, Nairobi isahau," akasema. Kisha akahamia Kishambaa na sauti ikashuka. "Na jambo jingine, binti. Masika yamekuwa mabaya. Bwana mkubwa atatazama tarakimu hizi aamue mahindi ya njaa yapelekwe wapi. Kwa hiyo usiniandikie ndoto."

Nililipanda kopo katikati ya shamba la maharage la bibi yangu. Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa mfupi, mkavu, hana maneno mengi, na kusoma hakujua. Alilizunguka kopo mara moja.

"Linafanya nini?"

"Linahesabu mvua, bibi."

"Mvua ipi?" akasema, akaenda zake.

Kweli, mvua ipi. Julai ile ilikuwa kama kuishi ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni, migomba ikapotea, mlango wa jirani ukapotea, sauti za watu zikatembea bila miguu. Umande ulilowesha kila kitu na haukushibisha kitu. Saa sita ukungu ulifunguka, na mahindi yakaonekana yamekauka palepale yaliposimama. Chemchemi ya karibu ilikuwa imekufa, na maji tukayafuata chini kabisa bondeni, kwenda na kurudi nusu siku. Nami kila saa tatu nilikuwa nikichora sifuri yangu nzuri, ya duara, isiyo na doa.

Bibi alikuwa akija kusimama nyuma ya bega langu.

"Hicho ulichoandika ni nini?"

"Hakuna kitu."

"Na hicho cha jana?"

"Hakuna kitu."

"Watu wazima wa Lushoto wamekutuma uwapelekee hakuna kitu?"

"Ndiyo, bibi." Akaguna, akarudi kwenye maharage yake ya kuchambua.

Sasa, kwetu mvua ina wenyewe. Zamani kulikuwa na watu waliotunza dawa ya mvua kwenye vyungu, wakaifungua na kuifunga, na hata waliokwenda msikitini na kanisani walikuwa hawajawasahau. Majirani wakaliona kopo langu lenye mfuniko wa faneli, ndani ya uzio, nami nalichungulia kila asubuhi. Mwisho wa Julai akaja jirani yetu, Mzee Athumani, amevaa kofia yake ya Ijumaa, amebeba kuku jike kwapani.

"Mwanangu," akasema kwa heshima iliyonitisha, "tunakuomba ufungue."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilimcheka mzee mwenye kuku kwapani. Nikamweleza kwamba kopo haliiti mvua, linaihesabu tu.

"Wewe umewahi kuhesabu kila asubuhi ng'ombe wasio wako?" akauliza. Akaondoka na kuku wake, pole pole, akamezwa na ukungu.

Usiku wa kumi wa Agosti niliota mvua. Iliteremka juu ya majani ya migomba kwa ule mlio wake mzito, nami nilikuwa nimelala chini yake mdomo wazi. Nilipoamka nyasi zilikuwa zimelowa, kama zilivyolowa siku zote. Saa tatu nikafungua kopo. Chupa ilikuwa na maji.

Nikayamimina kwenye gilasi. Pointi arobaini na moja. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa nimeisikia mwenyewe usingizini, na maji haya hapa. Nikaandika. Kesho yake tena arobaini na moja. Keshokutwa arobaini na moja. Nilitembea siku zile kama niliyekunywa kitu. Jioni nilikaa kizingitini nikajiona Nairobi, kwenye paa la nyumba ndefu, nayapa mawingu majina. Bibi alinitazama nikiandika, na kwa mara ya kwanza tangu nije na kopo lile akatabasamu.

Siku ya saba kalamu ikasita. Arobaini na moja, mara saba. Nikaenda kwenye ukingo wa shamba nikachimba kwa kidole. Udongo ulikuwa unga mpaka chini.

Hasira ilinipanda. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Athumani, sikumpa hata shikamoo, jambo ambalo sijawahi kulirudia maishani. Nikamwambia yeye na wenzake wananitilia maji kwenye kopo ili mbingu ziige, na kwamba wameniharibia kazi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mimi nilikuletea kuku," akasema. "Maji ningeyatoa wapi?"

Nilirudi nyumbani nimenywea. Alfajiri iliyofuata nilijilaza macho wazi. Jogoo alipowika nikamsikia bibi anaamka. Alichukua kata yake ndogo ya kibuyu, akaichovya kwenye mtungi, akatoka. Nikamfuata hadi mlangoni. Ukungu ulikuwa umejaa shambani, naye alikuwa akionekana na kutoweka, ameshika kata kwa mikono miwili, anapiga hatua fupi fupi asimwage. Akafika kwenye kopo. Akamimina polepole, akakung'uta tone la mwisho.

"Haya," akaliambia kopo, "mpe aandike."

Maji yale ameyabeba kichwani kutoka bondeni. Siku zile hata uso tulikuwa tunanawa kwa maji ya kuoshea mboga. Mimi mwenye mdomo usiosubiri nilirudi kitandani nikajifunika blanketi, na sikumwambia neno. Moyo uliniuma, nasema kweli, uliniuma mpaka nikauma blanketi.

Saa tatu nikakaa na daftari mapajani. Lilikuwa bado safi kuliko daftari lolote. Nikiyaacha yale yaliyoandikwa hakuna atakayejua, nami nitakwenda Nairobi. Ila Lushoto wataona kwetu kumenyesha, na mahindi yatapita njia nyingine. Nilikaa pale mpaka ukungu ukafunguka na nikaona nyumba ya Mzee Athumani, haifuki moshi. Basi nikachovya kalamu nikapiga mstari juu ya siku zote saba. Pembeni nikaandika: "Sifuri. Maji haya hayakutoka mbinguni. Yalitiwa na bibi yangu, kata moja kila alfajiri." Wino ukachuruzika, na ukurasa ukawa mchafu.

Tangu siku ile nikawa naamka kabla ya jogoo, nakaa kando ya kopo nimejitanda shuka hadi saa tatu. Bibi alikuja na kata yake mara mbili, akanikuta, akasimama kidogo, akarudi kuyamimina mtungini. Siku zilizobaki zote niliandika sifuri.

Bwana Sefania alilifungua daftari mbele yangu. Alifika kwenye ukurasa ule akausoma, akausoma tena. Alivua miwani.

"Ungeweza kuyaacha," akasema kwa Kishambaa.

"Uliniambia nisiandike ndoto."

Nairobi alikwenda kijana aitwaye Hezekia, daftari lake halikuwa na doa, nami sina ugomvi naye. Wiki mbili baadaye wapagazi walipanda kwetu na magunia ya mahindi. Mzee Athumani alipewa la kwanza. Aliniletea yule kuku, na safari hii nilimpa shikamoo kabla hajafika uani.

Jioni niliyorudi kutoka Lushoto, bibi alikuwa ameinama motoni, anachochea. Hakugeuka.

"Wamekuchukua?"

"Hapana, bibi. Wamemchukua mwingine."

"Kwao kulinyesha?"

Ningemweleza nini? Nikamwambia ndiyo, kwao kulinyesha.

Akachochea tena moto, moshi ukamzunguka. Halafu akatikisa kichwa, akaifuta ile kata kwa upindo wa kanga, akaitundika mahali pake.

"Nilijua tu," akasema. "Ningetia kata mbili."