Majivu Yaliyogeuka Kioo

Siku tuliyomzika mama, kaka yangu Elinami alisoma wasifu wa marehemu kaburini: "Hakuwa na kazi, alikuwa mama wa nyumbani." Mama huyo huyo aliyefinyanga vyungu vya nusu ya kaya za kwetu Usangi. Nilimwambia arekebishe kabla maneno hayo hayajaandikwa kwa rangi msalabani kesho yake asubuhi. Akacheka. "Naelijwa, kuchezea udongo nako ni kazi?" Shangazi akanivuta kando: "Kuwa na subira, mwanangu, msiba usiwe na maneno." Nililala na nguo za msibani, nimeuma meno.

Nikajiona katika Japani ya kale, kwenye mlima wa misonobari, ambako tanuri refu lilipanda mteremko likipumua moshi. Mwanamke mwenye majivu kwenye nyusi alinishika mkono. "Mimi ni Subira," alisema, akanionyesha chombo cha maua chenye mabega mapana. Alikuwa amekijenga kwa kamba za udongo, duru juu ya duru, akakigonga mihuri ya maua udongo ungali mbichi, kisha akakipaka majivu yaliyokorogwa kwa maji. Moto uliyayeyusha majivu yakawa kioo cha rangi ya majani makavu, kikachuruzika mabegani na kuganda. Chini, pasipopakwa, vidole vyake vilikuwa vimeacha alama.

Akaja Majivuno, bwana wa mavazi ya hariri, na mtumishi wake Usahaulifu amebeba jiwe la kusugulia.

"Chombo changu hiki," alisema Majivuno. "Sugua hizo alama, zinakichafua."

"Na aliyekifinyanga je?" nikauliza.

"Nani? Kimetengenezwa na moto. Huyu bibi alikuwa amekaa tu."

Jiwe likaanza kukwaruza. Nikamgeukia Subira, damu ikinichemka. "Nawe umenyamaza?"

"Mimi nakusubiri wewe," alijibu taratibu. "Watu hunichanganya na jirani yangu Ukimya, hasa misibani. Nilikesha na moto huu mpaka macho yakaniwasha, lakini sikumruhusu mtu anifute. Hiyo hasira unamtunzia nani, mwanangu?"

Nikamrukia Usahaulifu, nikamkamata mkono wenye jiwe.

Nikaamka nimeukaba mto, jua limeshachomoza. Kumbe shangazi hakuniomba subira. Aliniomba ukimya.

Uani, Elinami alikuwa ameinamia msalaba, rangi ya jina la mama imeshakauka.

"Umeamkaje, Naelijwa? Nishikie hili kopo la rangi."

Nikalipokea, nikarudi nyuma nalo.

"Sikupi, kaka, mpaka useme utaandika mfinyanzi."