Tochi ya Giza ya Xaveria

Xaveria alikuwa akifungulia tochi zake kwenye sinia la kuchambulia mbaazi, ili skrubu ikianguka isipotelee sakafuni. Ilipotelea kwenye mbaazi badala yake, na si mara moja binti yake Benadetha aliitafuna pamoja na chakula, lakini kila fundi ana mpangilio wake.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga wakati huo. Mji wa Babati ulijaa ofisi mpya, watu walianza kuyatazama mashamba ya pembeni kwa jicho la viwanja, na madukani zilimwagika tochi za bei poa zenye vitaa vidogo vyeupe, zinazokufa kabla mwenyewe hajazizoea. Xaveria, mjane wa kijiji cha Sigino, aliona huruma kuzitupa. Alianza kwa kuzifungua tu aone kilichomo, kama mtu anavyofunua chungu cha jirani. Halafu akaanza kuhamishia betri ya hii kwenye ile, akaunganisha nyaya kwa msumari aliopasha kwenye jiko la mkaa, akaungua vidole, na akanogewa.

Mustapha, mwenye duka la tochi karibu na stendi, ndiye aliyekuwa akimwelekeza.

"Nyaya ni mbili tu, Mama Benadetha," alimwambia. "Mmoja ni moto, mmoja ni ardhi. Ukizigeuza, haiwaki."

Hakutaja rangi, maana kwake hilo lilikuwa wazi: mwekundu ndio moto. Lakini Xaveria alikuwa mkulima. Ardhi aliyoijua yeye ni nyekundu tangu azaliwe, na moto wake ulitoka kwenye mkaa, na mkaa ni mweusi. Akafunga nyaya zake kwa hesabu hiyo, akabonyeza swichi.

Tochi ikawaka giza. Lilitoka duara safi la usiku, likatua ukutani juu ya kalenda ya parokia, saa sita mchana. Alipoielekeza chini, kuku aliyekuwa akipita alifumba macho akalala. Xaveria alipozima, kuku akaamka akaendelea na safari yake.

Mustapha aliijaribu dukani, akaridhika. "Itakula chaji kuliko ya mwanga," alisema, "lakini kazi yako safi." Majirani nao wakawa wanakuja kuiazima kulazia watoto mchana.

Xaveria, hata hivyo, alikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Shamba lake lilipakana na la shemeji yake Sylvesta, na mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa mkonge ambao marehemu mumewe, Paskasi, aliupanda pamoja na huyo mdogo wake walipokuwa wanaelewana. Tangu Paskasi azikwe pale shambani, mstari ulikuwa ukisogea. Ulisogea kidogo kila masika, hadi kaburi likawa upande wa Sylvesta. Sasa trekta la kulima upande huo lilikuwa linasubiri mvua. Xaveria alitaka kaburi la mumewe lirudi kwake kabla ya kulima kuanza. Hakutaka kingine.

"Mkonge hautembei, shemeji," Sylvesta alisema kila alipoulizwa. "Ukitaka kumwona kaka, piga hodi tu. Mimi sina neno."

Basi Xaveria, akiwaza kwamba lililofanyika gizani litaonekana gizani, akawaita wazee wa pale. Walifika jua likiwa kali, wakasimama kwenye mpaka, naye akaelekeza tochi. Giza likatua juu ya mkonge, na likaja na mambo yake. Ndani yake alionekana Sylvesta, amevaa koti la mvua, aking'oa mkonge na kuupanda upya hatua chache mbele, akishindilia udongo kwa buti bila haraka. Alikuwa mchapakazi kwelikweli. Sylvesta wa mchana alisimama na wazee, akimwangalia Sylvesta wa usiku.

"Ni wewe," alisema Mzee Theophil.

"Ni mimi," Sylvesta alikubali. "Lakini umeshashika mizizi."

Wazee waliinama, wakavuta mche mmoja. Kweli, ulikuwa umeshika. Wakateta pembeni, wakarudi na uamuzi kwamba si vizuri kung'oa mmea uliokwisha kukubali, ila Sylvesta akilima alizunguke kaburi. Sylvesta alikubali palepale. Aliahidi kuacha nafasi ya kutosha kitanda, na wazee wakamsifu kwa roho yake nzuri.

Walipoondoka, Xaveria alilia kwa hasira mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha, bila kujua anatafuta nini, akaelekeza tochi kwenye kaburi. Paskasi alikuwa amekaa pale juu, anafuta viatu kwa jani. Alikuwa amekonda kidogo.

"Umekawia," alisema.

"Betri zilinisumbua." Alimtazama, na moyo ukamlainika kama siku za uchumba. "Njoo huku kwetu, Baba Benadetha. Kuna ugali wa moto."

Paskasi aliuangalia mkonge. Alikuwa mtu wa adabu, na maisha yake yote hakukanyaga shamba la mtu bila ruhusa.

"Siwezi kuvuka hivihivi, mke wangu. Mpaka ni mpaka," alisema. "Ila sikumbuki nilihama lini."

Tangu hapo, kila alasiri Xaveria hubeba kigoda chake, akakaa upande wake wa mpaka na kummulikia mumewe giza. Mustapha alimfungia betri ya pikipiki, ili Paskasi asikatishwe maneno. Huzungumza habari za Benadetha, mvua na wadudu wa mbaazi, na wakicheka huwa wanacheka kweli.

Sylvesta akitoka kukagua mahindi yake hupita hapo, akavua kofia.

"Shikamoo, shemeji. Shikamoo, kaka."

Xaveria haitikii. Paskasi huitika marahaba, na humshukuru mdogo wake kwa kumpa mahali pa kukaa.