Fuwele Zilizoitwa Vumbi

Kwa miaka mitatu, mwanamke mmoja mtafiti alihangaika kukuza fuwele za protini ya kimelea. Alitaka zifikie ukubwa wa chembe ya chumvi, ili mashine ya kawaida ya eksirei iweze kuzisoma na kuonyesha umbo la protini hiyo. Alichopata ni ukungu mweupe wa fuwele ndogo mno ndani ya vichupa. Chini ya hadubini ulimetameta kidogo, basi. Wenzake wakauita vumbi.

Ndipo akapata zamu ya muda wa saa sita kwenye leza ya eksirei, isiyohitaji fuwele kubwa. Aliongozana na shangazi yake, mshonaji mstaafu, aliyekuja kumtembelea na kukataa katakata kubaki nyumbani peke yake.

Walikaa mbele ya skrini. Nyuma ya ukuta mnene, uzi wa maji mwembamba kuliko unywele ulipaswa kupitisha fuwele mbele ya mwali wa leza hiyo.

"Huo mwali una nguvu gani?" shangazi akauliza.

"Unalipua kila fuwele unayoigusa."

"Ehe! Kwa hiyo mnapiga picha maiti?"

Fundi wa mitambo akaangua kicheko. "Hapana, mama. Mpigo ni mfupi mno. Picha inawahi kutoka kabla fuwele haijavunjika."

"Na moja inatosha?"

"Wapi!" mtafiti akasema. "Kila moja inaonyesha upande mmoja tu. Tunataka maelfu."

Lakini skrini zilibaki nyeusi. Fundi akaingia ndani kukagua, akarudi na jibu: mrija unaotoa ule uzi wa maji umeziba. Fuwele chache zilikuwa kubwa mno. Mtafiti hakujua acheke au alie. Wakauchuja ule ukungu, wakaanza upya, na picha za madoa meupe zikamwagika kwenye skrini. Shangazi alijaribu kuyahesabu, akanyoosha mikono.

Kompyuta ziliunganisha picha hizo kwa wiki kadhaa. Umbo la protini lilipotokea, mtafiti aliguna. Kishimo alichodhani kiko wazi, ambamo dawa ya kukiua kimelea ingeingia, kilikuwa kimefunikwa na mkunjo wa protini yenyewe. Akampigia shangazi simu.

"Nilikosea, shangazi. Mlango umefungwa."

"Pole, mwanangu."

"Usinipe pole. Kimelea kinakula kupitia hapo hapo, kwa hiyo kuna kitu kinaufungua. Nataka kujua ni kitu gani."

"Utakijuaje?"

Mtafiti akavuta kiti, akaanza kumweleza.